Nyumba ya Bageni ku Njia ya Chumvi

Yaya Masika, dada yangu mukubwa,

Tangu tukuzike pale makaburi ya Beu sijakuandikia hata mustari moja. Nilikuwa na haya. Leo nakuambia yote, hata kama utanikasirikia.

Unakumbuka namna tulitembea ile njia, kutoka ku ziwa mpaka Beni, kwenye bankambo betu, babu ba zamani, balipitisha chumvi mugongoni? Kila kijiji uliita bamama, ukabaambia: «Kijiji moja peke yake haiwezi kuita mugeni wa kutalii, mwenye kulipa. Tujiunge, Butembo, Kalunguta, Beni, alale kwenu leo, kesho kwa bengine.» Balikucheka. Lakini pale Kalunguta balijenga nyumba ya bageni, na bitanda ulitandika wewe mwenyewe.

Mugeni hata moja hajalala mule. Kisha kifo chako vita ilisogea, batu bakakuja kwa ile njia yetu, magodoro ku kichwa, batoto ku mukono. Nilifungua mulango na ufunguo uliniachia. Familia tatu zikaingia.

Basi comité ya njia, ile ya Butembo, ikaniita ku bureau. Batu ba mradi, bale ba kutoa feza, batakuja Alhamisi kuangalia njia. Prezida akasema: «Kahindo, toa bale batu, siku moja tu. Bageni bakikuta masufuria na nguo za batoto mule, ni mwisho yetu.» Nikamujibu: «Nitabatoa.» Yaya, ni kinywa changu kilisema vile. Nilifikiria kazi yako, bijiji byote binatungojea.

Alhamisi asubuhi nikabatoa. Kavugho, mama mwenye mimba kubwa, aliniuliza tu: «Tutarudia saa ngapi?» Nikakamata fagio, nikaanza kufagia.

Saa sita mvua ikaanguka. Nilikuwa nimesimama mulangoni, nimevaa kikwembe changu cha misa, nyumba safi, tupu. Saa tisa simu ikalia: barabara ni mbaya, bageni bamerudia njiani.

Nikakimbia kubatafuta. Kavugho alikuwa amezaa katika shamba ya ndizi, bamama benzake bamemushikia turubai juu. Mutoto hakulia. Nilingoja alie, yaya. Nilingoja sana.

Kavugho hakunitukana. Afazali angenitukana.

Sasa comité imepanga siku ingine. Bale batu bamerudi mule nyumba, nimekataa kubatoa tena, na banasema nimeua kazi yako. Bijiji bibili bimekwisha kujitoa. Pengine ni kweli, pengine hakuna njia tena. Silali, sikuli vizuri. Hakuna mutu wa kuniambia kama ungefanya vile nilifanya. Sema basi! Wewe ulijua kila mara cha kusema.

Nakuahidi kitu kimoja: nikiwa ningali na pumuzi, hakuna mutu atatolewa tena mule nyumba sababu ya mugeni.

Yule mutoto tulimuzika bila jina. Ukimukuta huko, mubebe. Alitoka na baridi.

Lala, yaya yangu.

Kahindo