Pete ya Mume Wangu Shingoni kwa Akello

Kampala

Dada yangu Mwanahamisi,

Nakuulizia wewe kabla ya yeyote: mgongo umepoa? Na mtoto ameshaanza kuota meno? Mama nampigia simu kila Ijumaa na najua hajambo, lakini simu yake huwekwa sauti ya juu na nyumba nzima inasikiliza. Haya ninayotaka kukuambia si ya nyumba nzima, ndiyo maana nimeandika. Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, na nampenda mume wangu mpaka naona haya.

Usinicheke. Ramadhan akirudi jioni namtambua tangu ngazini kwa vile viatu vyake vizito, na moyo unaruka kama siku ile alipokuja Tanga kwenye harusi ya binamu yake. Ananukia dawa nyeusi inayopakwa nguzo za umeme. Siku hizi nikipita karibu na nguzo mpya barabarani, nasimama kidogo nainusa. Tunakaa Old Kampala, vyumba viwili, na mama mkwe huja kutoka Bombo na samli yake na kuniita mtoto wake. Ndoa ni tamu, dada. Ningeweza kujaza kurasa kwa habari ya mikono yake peke yake.

Lakini mikono hiyo kuna mwanamke mwingine anayeijua kuliko mimi.

Anaitwa Akello. Ni mtu wa kaskazini, binti wa askari, na ndiye mwenzake kazini. Mafundi wa laini hufanya kazi wawili wawili: mmoja hupanda nguzo, mwingine hubaki chini kumlinda. Ramadhan hapandi mpaka Akello auvute mshipi wake kwa nyuma, kwa nguvu, aone umeshika, kisha amwambie, "Panda." Na kabla ya hapo Akello huzunguka maduka yote ya mtaa huo kusikiliza kama kuna jenereta. Laini ikizimwa, mwenye duka huwasha jenereta yake, na ikiwa imeunganishwa ovyo, umeme hurudi kwenye waya na kumkuta fundi juu. Unaona nilivyojua? Kila nikipakua chakula ni Akello. Akello kasema hivi, Akello kamfokea muuza samaki, Akello ana masikio kama ya paka. Nilikuwa natafuna wali bila kusikia ladha.

Siku moja akarudi kidole kitupu. Nikauliza pete iko wapi.

"Eh! Nimesahau kwa Akello," akasema, bila hata kushtuka. "Mtu hapandi na chuma kwa mwili. Yeye nafunga pete kwa kamba, naweka kwa shingo."

Kwa shingo! Pete yangu ya ndoa, ndani ya shati la mwanamke mwingine! Nikamwambia aiache nyumbani. Akasema hawezi, anataka kutembea nayo mpaka chini ya nguzo, watu wamwone kuwa ana mke. Maneno matamu, lakini siku hiyo hayakunishika. Nililia. Nikasema kama ananipenda asimpe mtu pete hiyo tena, na abadilishe mwenzake.

"Sasa wewe nalia nini?" akanifuta machozi kwa kidole gumba. "Kama hii ndiyo inakuumiza, mimi nabadilisha." Na akabadilisha kweli. Niliimba wiki nzima.

Mwenzake mpya aliitwa Kato, mtu mzima wa makamo. Siku Ramadhan alipopangiwa kazi mtaa wa nyuma ya Nakivubo nikapika pilau, nikavaa lile gauni la kijani, nikampelekea. Nilitaka wenzake wanione. Nikafika nikamkuta Ramadhan yuko juu kabisa, ameegemea mshipi. Kato amekaa ndani ya gari la kazi, mlango wazi, anacheza na simu. Alikuwa amevaa fulana waliyogawiwa kwenye semina ya kuwatia moyo wafanyakazi, imeandikwa kifuani kuwa mvaaji anaipenda kazi yake. Ramadhan aliniambia walikuwa wameomba glavu. Wakapewa fulana na soda.

Nikamsalimu Kato, nikamuuliza kama amevuta mshipi wa mume wangu.

"Nyabo, mama, huyo mtu mkubwa," akajibu, macho kwenye simu. "Mimi miaka yote hapa ni kibarua tu. Kila mwaka nasaini upya. Glavu zangu zimetoboka, hakuna anayeuliza. Mshipi yangu mimi, nani alivuta?"

"Na maduka umezunguka?"

"Wewe ni bosi?"

Nikatazama juu. Jua lilikuwa kali, na pete ikametameta kidoleni mwake. Alikuwa ametimiza ahadi yake kwangu, dada. Na papo hapo, kutoka kwenye duka la vinyozi, nikasikia mtu anavuta kamba ya jenereta. Ikakohoa. Ikazima. Akavuta tena.

Sijui pilau niliitupa wapi. Niliingia dukani nikipiga kelele, "Acha! Acha! Mtu yuko juu ya waya!"

"Banange! Wewe ni mtu wa umeme?" kinyozi akaniuliza, kamba mkononi, wateja wanacheka.

"Mimi ni mke wake!"

Nikaikalia ile jenereta. Ndiyo, kwa gauni la kijani. Nikamwambia ataiwasha nikiwa juu yake. Wateja wakaacha kucheka. Kinyozi akaiachia kamba, akatoka nje, akaangalia juu, kisha akashika kichwa kwa mikono miwili. Waya wa jenereta yake ulikuwa umechomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani.

Ramadhan akashuka. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kwenye jua lile. Alisema alimuuliza Kato kama mtaa uko salama, Kato akajibu, "Tayari." Mimi nilikuwa nafikiria jambo lingine: yote niliyoyajua pale niliyajua kwa sababu ya wivu. Kila neno la Akello nililolichukia nilikuwa nimelikariri.

Kesho yake nikaenda Wandegeya, ambako Akello alikuwa akifanya kazi na kundi jingine. Niliomba Mungu nimkute mbaya wa sura. Dada, ni mrefu, shingo ndefu, meno meupe. Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Bibi ya Ramadhan," akasema. "Mama Jenereta! Habari yako imefika mbele yako. Leo nakuja kunipiga?"

"Nimekuja uniangalizie mume wangu," nikasema.

Akanisogelea. "Pete ni yako. Kaa nayo nyumbani, mimi sitaki vita. Lakini mshipi niachie mimi."

Ningetaka kukwambia moyo wangu ulikuwa mweupe. Haukuwa. Nilimwona akilini, kila asubuhi amesimama nyuma ya mume wangu, mkono kiunoni mwake, na wivu ukanipanda mpaka masikioni.

"Basi uvute sana," nikamwambia. "Uvute mpaka alalamike."

Akacheka mpaka akainama. Msimamizi wao alikubali siku hiyo hiyo kumrudisha kwa Ramadhan. Kato wamemhamishia stoo. Nimemkasirikia, lakini nikikumbuka yale aliyosema kuhusu glavu zake, hasira haikai vizuri.

Msalimie Mama, umwambie samli ya mkwe wangu bado haifikii yake. Msalimie Mjomba aliyesimamia nikaha yangu, na Bibi aliyenifunda, umwambie somo la wivu alilipitia haraka mno. Mumeo pia, na umbusu mtoto.

Asubuhi hii Ramadhan amenivisha pete yake kidole gumba mwenyewe, akaondoka. Akello alikuwa anamngoja chini barabarani. Nimechungulia dirishani mpaka wamepotea. Nimeuma midomo, dada, kisha nimemwombea dua ndefu yule mwanamke.

Mdogo wako akupendaye, bibi harusi asiyetulia,

Rehema