Kampuni ya Wathai Imeokoa Miche Yetu, Je, Nimeisaliti Nchi?

Bi Lastri mpendwa, naomba unisikilize maana tangu juzi nacheka peke yangu na bado sina amani. Mimi ni mtafiti wa mihogo hapa Lampung, Indonesia, tunatafuta mbegu itakayoshinda ugonjwa wa batobato, na kazi yetu siku zote imelipiwa na serikali, sasa mwaka huu bajeti ikakatwa kazi ikiwa katikati, miche ikaanza kunyauka, nikawa naenda kazini kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa asiye na dawa. Ndipo akanipigia simu Ratchanee, niliyesoma naye Bogor, siku hizi anafanya utafiti kwenye kiwanda cha wanga kwao Korat, Thailand, nikamweleza, akanicheka. "Wening, yaani mnaingoja serikali mpaka miche ife? Huku kwetu utafiti mwingi unalipiwa na makampuni. Hebu niongee na bosi."

Akaongea kweli, kampuni ikakubali kutulipia, taasisi yetu nayo ikaridhia, tukaafikiana kwamba wao watapata matokeo mapema lakini mbegu ni yetu na wakulima wa hapa watapewa bure, na juzi miche imepandwa shambani ikiwa hai, nikakaa kwenye udongo nikalia kwa raha. Lakini Mzee Suroyo aliyenifundisha kazi hii alinisema mbele ya wenzangu: "Mwanangu, anayekulisha ndiye anayekuchagulia wimbo. Kesho wakulima wetu watanunua mbegu yao kwa Wathai." Tangu hapo hanisemeshi, nami simsemeshi. Je, furaha yangu ni usaliti?

Wening, Lampung

Wening, shusha pumzi. Umeokoa miche, furahi bila kuomba radhi. Kila nchi ina mkono unaolisha utafiti wake. Kwa Wathai mkono mkubwa ni wa makampuni, kwetu ni wa serikali, na hakuna mkono usio na matakwa. Hiyo serikali ilipokata bajeti, ilikuuliza?

Ila umeniudhi, binti yangu. Umeniandikia mwenyewe kwamba mbegu ni yenu na mkulima atapewa bure. Mzee Suroyo analijua hilo? Naona hujamwambia. Umekaa na dawa mfukoni huku mwalimu wako anaumwa, halafu unaniuliza mimi kama wewe ni msaliti. Huo si usaliti, ni kununa, na kununa kwa mtu mzima ni aibu.

Hofu yake nayo usiidharau. Bei ya wanga ikishuka, kampuni inaweza kufunga mkoba kesho, kwa hiyo endelea kuibishia hodi serikali. Mkono mmoja haulei mtoto.

Kesho mchukue mzee mpaka shambani. Mwambie kwa kinywa chako mlichoafikiana, kisha mwombe awafundishe wakulima kuipanda mbegu hiyo, maana wewe wanakuheshimu, yeye wanamwamini. Beba wali na sambal kali, mle palepale. Sijaona bado mtu anayeweza kuendelea kununa huku pilipili inamtoa kamasi.