Baiskeli Anayoisukuma Baba

Othaya, Jumatatu

Ndugu yangu mpendwa Gatimu,

Natumaini wewe, Anita na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya Nanyuki haijawafungia ndani. Sisi huku tu wazima. Majani ya chai yamechipua vizuri, na kikohozi cha Baba kimepungua.

Ulisema kwenye simu, Baba akisikia, kwamba "kufufua baiskeli kuukuu ni kazi ya mtu asiyetaka kukubali kwamba hana kitu." Sentensi nzuri, lakini ni ya uongo. Asiye na kitu hukopa anunue kipya ili majirani wamwone. Mwenye akili huangalia kwanza kilicho uani kwake. Nchi hii imejaa watu wanaotupa vitu vizima kisha wanalia umaskini. Hilo nitalitetea popote, hata kanisani.

Tena hukuelewa baiskeli yenyewe ni ya nini. Tangu mguu wake ulegee, Baba amekataa mkongojo. Anasema mkongojo ni wa wazee, na yeye ana miaka themanini tu. Lakini mwanamume anayesukuma baiskeli haonekani mgonjwa. Ni mtu mwenye safari zake, ameshuka tu kwa sababu ya kilima. Na huku kwetu, unajua, kilima hakiishi.

Basi niliitoa ile baiskeli yake ya chuma, blakimamba, aliyobebea maziwa miaka yote, kutoka chini ya ghala la mahindi. Fremu ilikuwa nzima. Gurudumu la nyuma nilipewa na Kihara wa kinu cha unga. Breki nilizikata kwenye tairi la lori, kiti nikakishona kwa ngozi ya mkoba wangu wa ualimu. Baba alikaa kando akitoa amri: "Ati hiyo ndiyo kukaza? Hata mama yako alikuwa anakaza kukushinda." Ikawa inasukumika. Ningeacha hapo. Lakini haikuwa na cheni wala mikono ya pedali, na nilikuwa nakuona wewe ukicheka kwamba nimejenga wilbaro, kitu cha kusukuma tu. Nilitaka izunguke.

Siku hizo hizo, Phyllis, yule mfumaji wa viondo ambaye miguu yake haijatembea tangu utotoni, aliibiwa baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile anayoizungusha kwa mikono. Waliichukua mlangoni kwake akiwa amelala na homa. Bila hiyo hafiki sokoni. Kwenye baraza la chifu, unaweza kukisia aliyesimama. Nilisema kwamba mwizi mkubwa ni yule anayenunua chuma bila kujali kimetoka wapi. Nilipigiwa makofi. Phyllis alinishika mkono akilia.

Baadaye nilikwenda Kiriaini kwa Kinuthia, muuza vyuma chakavu. Nilipomwomba cheni alinipeleka nyuma ya mabati. Nikamuuliza imetoka wapi. Alicheka: "Mwalimu, chuma haina mama. Iko na bei tu." Nilimpa hotuba fupi. Kisha nikanunua cheni, na mikono ya pedali pamoja nayo. Nyumbani nikaifunga, nikaipaka baiskeli nzima rangi iliyobaki ya geti.

Jana Baba aliisukuma hadi kanisani, mgongo umenyooka, akisalimia watu kwa kengele. Wazee waliizunguka. Phyllis alikuwepo, kaka yake Kingori alikuwa amemleta kwa wilbaro, amekalia gunia, sketi imeloa matope. Aliniita, akazungusha pedali kwa kiganja, akaisikiliza cheni. "Wee Theuri, kumbe wewe ni fundi! Yangu ikipatikana, ni wewe utaitengeneza." Nikamjibu sawa. Sijala vizuri tangu hapo.

Gatimu, mikono ile ya pedali niliyonunua ilikuwa imezungushiwa uzi wa kiondo, zambarau na kijani, umefumwa kwa kubana ili viganja visiteleze mvua ikinyesha. Hakuna mwingine Othaya nzima anayefanya hivyo. Niliuona pale kwa Kinuthia nikaujua kabla sijaugusa. Fremu yake ilikuwa imelala kando, na magurudumu yake yote matatu. Neno moja tu lingetosha. Badala yake niliomba kisu, nikaukata uzi, nikautupa nyasini. Sikudanganywa na mtu. Na Baba hata haiendeshi! Cheni ile haimsaidii hatua moja. Niliitaka ili nikushinde wewe.

Ningekupigia simu ningeikata kabla ya kulisema hili, ndiyo maana nimempa barua dereva wa gari la Nanyuki. Nimeulizia kwa Kinuthia: fremu bado ipo, ila lori la kubeba vyuma linakuja Alhamisi.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na Mungu awalinde barabarani, kwa maana mtakuja. Wewe na Anita leteni pikapu Jumatano asubuhi. Usije na pole, na usiniambie kila mtu hukosea. Tutaichukua fremu Kiriaini, kisha nitaifungua cheni mbele ya Baba na kumwambia mwenyewe. Halafu mnifikishe langoni kwa Phyllis, mbaki mkinitazama mpaka nimalize kusema. Na wewe Anita, nikianza kuhutubia, nikatize.

Kaka yako,
Theuri