Usiifue Leso Yako

Dada yangu Mwanasha,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji Athumani, na kwamba miguu ya mama imepungua kuvimba. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa, nawe una mkono wako katika ugonjwa huo. Nimeandika kwa karatasi na kumpa Mama Furaha wa Magongo, tuliyejuana naye huku Ujerumani na ambaye anakuja likizo, kwa sababu nikikutumia sauti kwenye simu utaisikiliza sebuleni na Nasra yupo. Hii isome peke yako, mlango umeufunga.

Kazi yangu huwa sikuelezi, maana nikieleza shemeji hucheka. "Daktari wa panya," ndivyo anavyoniita, na kusema kweli hajakosea. Hapo kwetu Likoni karibu na feri kipaza sauti kinalia kutwa, dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, na mimi nimevuka bahari kuja kuwabadilishia panya maji. Nilipokuwa nasomea diploma ya afya ya mifugo nilikuwa nafikiria ng'ombe.

Leo nitakueleza, kwa sababu usipoijua kazi hii hutanielewa. Nikifika chuo kikuu navua nguo zangu zote, naoga, navaa za kule ndani, kofia, barakoa na glavu mbili mbili. Chumba hakina dirisha. Vizimba vya plastiki vimepangwa kwenye rafu hadi darini, kila kimoja na kadi yake: mama nani, baba nani, wamezaliwa lini. Nawabadilishia maranda wanayolalia, nawalisha, namwangalia mmoja mmoja kama ana kidonda. Kisha siku moja inakuja karatasi kutoka kwa wenye utafiti, na wale wale niliowalea nawatia kwenye kisanduku cha gesi. Mwanzo nilikuwa silali. Siku hizi nikishamaliza nakwenda kula.

Jambo moja huku ni marufuku kabisa, nalo ni manukato. Bi Renate aliyenifunza kazi, mama wa makamo anayekaribia kustaafu, alinirudisha mlangoni siku ya kwanza kwa ajili ya udi uliobaki kwenye nywele zangu. Panya hujuana kwa pua. Harufu ngeni huwatia hofu, na jike aliyezaa akiingiwa na hofu anaweza kuwala watoto wake. Kwa hiyo miaka mitano sijafukiza udi, sijapaka mafuta ya nazi, asmini sijaigusa. Mimi mtoto wa Likoni nimekuwa mtu asiyenukia chochote, na hata nguo zangu za nyumbani zimeacha kuninukia mimi.

Sasa tuje kwenye Ijumaa ile. Nilikupigia kukuambia karatasi za Nasra zimetoka, mwanangu anaweza kuja kukaa nami. Ukasema, "Kwani ni lazima, Zuhura? Mtoto ashanizoea. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Ukampa simu, naye akanisalimu kwa adabu, sauti kama ya mtu mzima, "Shikamoo, mama mdogo."

Mama mdogo! Mimi niliyemzaa. Wewe ndiwe mkubwa wangu, ilikuwa akuite wewe mama mkubwa. Nilipokuuliza nani kamfunza ukasema hakuna, watoto huona wenyewe. Ndipo ukanisimulia habari ya leso yangu, tena unacheka, kama kichekesho cha kuchangamsha mazungumzo.

Unaikumbuka leso ile. Ile ya kisutu niliyokuwa nikimbebea Nasra mgongoni. Kabla sijaondoka niliivaa siku saba bila kuifua, nikakukabidhi pamoja na mtoto, nikakusihi usiitie maji, alale nayo apate kusikia harufu yangu. Miaka mitano nimekuwa nikijifariji kwa hiyo leso. Nikiwa peke yangu nilijiambia, angalau usiku mwanangu yuko na mimi. Kumbe. "Wiki nzima hakulala," ukaniambia, "anaikumbatia na kulia. Nikaifua kwa sabuni, nikaianika, nikamfunika yangu. Usiku ule ule akalala."

Nilikuchukia siku nne, dada. Nalisema wazi. Nilikuwa naosha chupa za maji huku nikikutukana, na jina lile ambalo mama mkwe wako alikuwa akikuita kwa kukosa mtoto, nami nililitumia. Hukulisikia, lakini nilikuita, na kwa hilo nakuomba radhi.

Siku ya tano jike mmoja alikufa akaacha vitoto sita, vyekundu, bila manyoya, macho hayajafunguka. Bi Renate akaniambia niwahamishie kwa jike mwingine aliyekuwa amezaa juzi yake. Kazi hii nimeifanya mara nyingi. Kwanza unamtoa yule jike pembeni. Unachukua nyuzi za kiota chake, unampaka nazo kila kitoto mgongoni na tumboni, mpaka harufu ya mama yake wa kwanza ipotee. Unawachanganya na wa kwake, kisha unamrudisha, na unangoja. Akisikia bado wananuka mgeni, atawaua.

Alimnusa mmoja mmoja. Kisha akawalalia wote, wake na wasio wake, wakaanza kunyonya. Mimi nikasimama pale na glavu zangu nikalia hadi barakoa ikalowa. Ni kazi ile ile uliyoifanya wewe na kipande chako cha sabuni, bila diploma. Leso yangu ilikuwa inamliza Nasra kwa mtu ambaye hayupo. Bi Renate aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni mafua.

Usidhani nimekusamehe yote. Ungeniambia mwaka ule ule, usiniache nikikumbatia uongo muda wote huo. Na Nasra anakuja. Hilo sikuulizi, nakuambia. Mama Furaha atakuwa kwao Magongo mwezi mmoja, na akirudi huku ndiye atakayemleta. Wala sitakuficha: jike akiondolewa watoto hufukua maranda kutwa, pembe hii na pembe ile, akitafuta. Najua ndivyo utakavyokuwa. Nimekuwa hivyo mimi, na dawa yake sijaiona.

Nina ombi moja. Chukua ile leso unayojifunga ukipika. Ivae siku saba. Pika nayo, ifukize udi wako, lala na Nasra mmejifunika hiyo hiyo. Siku ya safari ikunje, itie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge sana, umpe Mama Furaha mkononi. Usiifue. Mimi sina harufu ya kumpokelea mtoto, kwa hiyo nitampokea kwa ya kwako. Akilia akikutaja, nitamfunika nayo nami nikae kando. Wewe yangu uliifua. Mimi yako sitaifua, mpaka yeye mwenyewe aache kuiulizia.

Mama nisalimie, umwambie dawa za miguu anazo Mama Furaha na azinywe, asizigawe kwa majirani. Shemeji Athumani mwambie daktari wa panya anamsalimu, akitaka kucheka acheke. Bi Mwanakombo wa madrasa mshukuru kwa kumfunza mtoto adabu, nimeisikia. Na Nasra usimfundishe namna ya kuniita. Aje na jina analolijua.

Ni mimi mdogo wako,
Zuhura,
mama mdogo wa Nasra