Mama, Muguu Hii Itakimbia

Makomeno, Lubumbashi

Mama yangu mupenzi,

Yambo sana, na mama yako naye anakupatia yambo. Iko hapa ku magoti yangu, anavuta kalamu. Fasi utaona mustari inapotea, ni yeye. Tangu tulimupatia jina ya nkambo Ngoie, mama yako wa kukuzaa, hapa mu nyumba hakuna muntu anamuita mutoto. Banamuita "mama ya Mama," na naye anajua heshima yake. Ukisema "we mutoto," hageukake. Ameota meno mbili ya chini, na ananyonya nazo.

We unalala namna gani? Kifua inakohoa tena asubuhi? Na baba, anaenda kila siku kuangalia treni ile haifikake? Siye huku tuko bazima. Baba Ngoie, bwana yangu, iko mu barabara na lori yake, anaenda Mokambo, anarudia na unga, anaenda tena.

Nakuandikia barua juu ku telefone we njo unasema, mi naitika tu mupaka krediti inaisha. Mu barua utanisikiliza mupaka mwisho. Baba akusomee polepole, asiruke fasi.

Nilipata ujumbe yako. Tantine Berta, mudogo yako, aliileta. Alisimama pa mulango, hata mufuko hakuiweka chini, akasema: "Mama yako anasema mufupa haipasukake yenyewe. Ni nkambo Ngoie anakukamata muguu. Mulipatia mutoto jina yake juu umulee, hapana juu ukimbie mu barabara na kaputula. Anasema uache."

Nilimwambia, "Tantine, kaa kwanza, kunywa maji."

Mama, siachake.

Nikuambie vile ilipita, juu najua mama mukwe alikuelezea vile yeye alitaka. Sikuanguka, na hapo njo bantu bote banashindwa kuelewa. Tulikuwa tunakimbia asubuhi, siye bamama ba timu, kutoka Makomeno kwenda Kasapa, ku ile njia ya banafunzi ba université. Nikasikia kitu ku mufupa ya mbele, chini ya goti, kama sindano. Nilifikiri ni musuli tu imechoka. Kesho yake ikarudia. Nikafunga muguu na kipande ya kitenge, nikanyamaza, juu tulikuwa tunajitayarisha kwa maratoni, na kocha alikuwa ameanza kuniweka mbele ya bengine.

Mama mukwe aliona nachechemea. Hakuuliza mingi. Aliweka maji ku moto, akanikalisha chini, akaanza kunikanda na kitambaa ya moto vile banakandaka mama muzazi, na mikono yake ile unajua, ya kutwanga. Asubuhi na mangaribi. Nililia mupaka mama yako naye akalia. "Lia, ni damu mubaya inatoka," mama mukwe anasema. Ni moyo muzuri, Mama, sikatale. Lakini mufupa ilikuwa imepasuka, na siye tulikuwa tunaitwanga kama majani ya sombe.

Njo tukaenda ku hospitali, munganga akatuonyesha picha ya mufupa ku dirisha. Ka mustari kadogo, kama unywele ku sahani. Alisema haikuvunjika siku moja, ilichoka kidogo kidogo. Kisha akaniuliza, "Unanyonyesha?"

"Ndiyo."

"Na unakimbia kila siku?"

"Ndiyo."

"Unakula nini?"

Mama mukwe akajibu pa fasi yangu: "Anakula bukari ya mahindi, docta. Anangojea bote bashibe, anakula ile inabakia." Alisema vile na majivuno, kama anasifu bibi ya mwana yake.

Munganga akamuangalia yeye, kisha miye. "Ile inabakia haitoshe, mama. Mutoto anamunyonya, njia inamunyonya, na nyinyi munamupatia mabaki. Mufupa yake iko na njaa."

Ni we ulinifundisha, Mama, mwanamuke wa adabu anakula wa mwisho. Nilifuata mupaka mufupa ikapasuka. Sasa nakula pamoja na bote. Ndagala, samaki zile za kadogo, nakula na bichwa yake, na yai kama iko. Siku ya kwanza mama mukwe aliangalia sahani yangu muda murefu, akasema, "Eeh, siku hizi tuko na babaume babili mu nyumba." Nilimwambia, "Mama, ongeza sombe." Aliongeza. Na bibi ya kaka Donat, ule ananyonyesha, umwambie naye akule bila kungojea muntu. Umwambie ni miye nimesema, hasira yote inifikie miye.

Munganga alikataza kukimbia mupaka mufupa ifunge. Kocha akasema, muguu ipumuzike, lakini pafu zisilale. Basi nilipanda kinga ya baba Ngoie, ile baisikeli yake ya zamani. Mama, hapa kinga ni ya babaume ba kuuzisha makala ya kupikia. Nikipita pa kona, bamanseba, bale ba pikipiki za kubeba bantu, banapiga muluzi.

"Mama, mufuko ya makala ni bei gani?"

"Nilishaishusha kwenu," nabajibu. "Ulize mama yako kama anabakisha."

Sasa banajua jina yangu. Siku mvua ilininyeshea, mumoja alinisukumia kinga mupaka pa parcelle, pa mulango yetu, na hakuitisha kitu.

Kisha munganga akaniruhusu kukimbia tena, lakini kidogo: unakimbia kidogo, unatembea, unakimbia kidogo. Haya ilinishika. Mama mumoja wa mikate alinipita, beseni ku kichwa, anatembea tu. Akageuka na shingo yake yote, beseni haitikisike. "We mwanangu, unakimbia ao unatafuta kitu chini?" Nilicheka mupaka nikasimama. Lakini ile asubuhi muguu haikuuma. Na ile ya nyuma yake haikuuma. Juzi nilizunguka université yote ya Kasapa bila kusimama, nikarudia ku nyumba nikapika. Picha mupya ya mufupa, ka mustari hakaonekane tena.

Sasa tuseme ya nkambo.

Unasema ananikamata muguu. Lakini ni we mwenyewe ulitusimuliaka vile alitokaka Kongolo kwa miguu, mimba mukubwa, mutoto ku mugongo, kikapo ya samaki ku kichwa, anafuata bwana yake kule balikuwa banapanga reli. Njiani balimwambia arudie, mwanamuke wa mimba hafanyake vile. Alirudia? Na ule mutoto wa ku mugongo ni we, Mama. Ni kwa ile miguu ulifika. Basi usiniambie ni yeye ananifunga.

Unauliza natafuta nini mu barabara. Masomo yangu unajua fasi iliishia. Kila fasi naingia mu muji huu, banasema ningojee inje kwanza. Ku mbio hakuna muntu ananiuliza karatasi. Banauliza kama nitafika. Na miye nafika, Mama. Njo kitu moja najua juu yangu mwenyewe. Nataka mutoto huyu, akisha kuwa mukubwa, aijue juu ya mama yake mbele ya kujua zingine.

Siku ya Mungu, kisha misa, kocha anapeleka majina ya bale batakimbia maratoni. Nilimwambia aweke yangu. Ruhusa sikuombe, munganga alinipatia na baba Ngoie alinipatia. Naomba baraka yako. Ukiikatala nitalia, usifikiri sitalia. Nitapanguza macho na nitafunga viatu.

Salimia baba na macho yake ile inakusomea barua hii. Salimia kaka Donat, mukubwa wetu, na bibi yake, na shangazi wa ku mutoni ule ananiombeaka kila siku. Mama mukwe anakusalimia. Anasema nimekuwa kichwa nguvu, na kama anasema vile anatabasamu.

Na kama unakatala bado, usitume Tantine. Kuja mwenyewe uniambie hapa, mbele ya mama yako. Siku ya maratoni atakuwa fasi mbio inaishia, ku mikono ya mama mukwe. Umukamate we, mikono ya mama mukwe itachoka, juu sitakuwa wa kwanza. Usimame naye pale, hata bantu bakianza kurudia kwabo. Nitafika.

Mwana wako ule hasikiake,
Filomena, mama Ngoie