Mtahiniwa Kutoka Lipingo

Lipingo, 6 Juni 1993

Mwanangu Anjela,
Hujambo na baridi ya Mbinga? Sisi wazima. Baba yako kikohozi kimemwachia, na usipa, dagaa wetu wa ziwani, wanapatikana.
Insha yangu hii hapa. Isahihishe kama za wanafunzi wako, usinionee huruma. Mtihani wa maarifa, ule wa kuturuhusu sisi tusio shuleni, niliupita, na huu wa kidato cha nne haunishindi. Shemeji Joakim anasema bibi mwenye wajukuu Kiingereza atamsemesha nani? Nimemjibu, "Nitakusemesha wewe."
Mama yako, Kunigunda

Mbinga, 20 Juni 1993

Mama mpendwa,
Shikamoo. Nashukuru baba amepata nafuu. Mimi mzima, kazi tu.
Mawazo unayo, sarufi ndiyo inayokuangusha. Umeandika "my husband go". Ni "goes": mtu wa tatu akiwa mmoja, kitenzi cha wakati uliopo huongezwa s. Na kila aya ibebe hoja moja. Wewe umerundika nne kama samaki kwenye tenga.
Upande wa fasihi, yupo yule mke wa kwenye tamthilia ya mtihani, aliyeuza ng'ombe wa mumewe ili mtoto apelekwe hospitali. Jibu swali hili: "Eleza jinsi ukaidi wa mke ulivyoibomoa nyumba yake." Halikosi kutoka.
Mwanao, Anjela

Lipingo, 11 Julai 1993

Mwanangu,
Salamu nyingi, hatujambo. Hiyo "goes" naiimba hata nikianika usipa.
Swali lako nimelikataa. Nyumba ile ilibomolewa na mume aliyempenda ng'ombe kuliko mtoto. Aliyetunga swali hajawahi kukesha na mtoto mwenye homa. Nimeandika hivyo kurasa mbili, na maneno ya kwenye tamthilia nimeyanukuu.
Mama yako

Mbinga, 29 Agosti 1993

Mama,
Shikamoo. Habari za nyumbani?
Mtahini ana hoja zake mkononi. Ukienda kinyume, anakukata alama. Andika anachotaka upate cheti, ubishi baadaye.
Jingine: umepangiwa kufanyia mtihani shuleni kwangu. Mkuu wa shule ameona jina lako, akauliza mbele ya walimu, "Mwalimu Anjela, mama yako naye tumshonee sare?" Wote wakacheka. Nilikaa kimya. Tafadhali, ahirisha. Mwakani jiandikishe Songea, ambako hakuna anayetufahamu.
Mwanao, Anjela

Lipingo, 21 Novemba 1993

Anjela,
Natumaini u mzima. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nasoma.
Nilipanda lori la samaki hadi Mbinga, nikafikia kwa rafiki yangu Rosa. Nilipita mbele ya nyumba yako, sikubisha hodi. Hukutaka nionekane, basi kwako sikuonekana.
Chumba cha mtihani sikukikwepa. Msimamizi alinishika mkono: "Mama, wazazi wanasubiri nje." Nikamjibu kwa Kiingereza, polepole: "My daughter teaches here. I am a candidate." Wasichana, watahiniwa wenzangu, wakapiga makofi. Akaniachia, nikaketi.
Swali la yule mke lilitoka. Nimelijibu kama nilivyokuandikia.
Mama yako

Mbinga, 13 Machi 1994

Mama mpendwa,
Shikamoo, na shikamoo tena. Poleni na mvua.
Matokeo yamefika. Kiingereza umepata C. Fasihi, F. Mkuu aliyasoma kwa sauti ofisini, na alipofika kwenye F akacheka. Safari hii sikukaa kimya. Nilimuuliza, "Mzee, wewe ungeuza ng'ombe au ungezika mtoto?" Kesho yake akaninyang'anya kidato cha nne, akanipa cha kwanza. Sijuti. Wasichana wa kidato cha nne wananifuata nyumbani jioni na maswali yao, nami siwafukuzi.
Rudia mtihani, mama. Fikia kwangu. Hoja za mtahini nitakuandikia zote, uchague mwenyewe.
Mwanao, Anjela

Lipingo, 10 Aprili 1994

Mwanangu Anjela,
Tunakushukuru kwa salamu, afya tunayo. Baba yako aliposikia habari ya C alikwenda moja kwa moja kwa Joakim, akarudi anacheka.
Zilete hizo hoja, nimjue ninayebishana naye. Nimejiandikisha tena, pale pale shuleni kwako. Huku wanawake wanne tunasoma pamoja tukimaliza kuanika usipa. Otilia, mke wa Joakim, ndiye anayewahi kuliko wote.
Nitafikia kwako. Na mkuu wako akiuliza habari zangu, mwambie mama anakuja, na jibu lake ni lile lile.
Mama yako, Kunigunda