Kamba ya Baba ya Kupimia Kisima

Jumamosi, 9 Agosti

Thelathini na moja na nusu. Kama wiki iliyopita. Kama wiki zote.

Baba kashusha kamba kwenye kisima cha kijiji, mimi nimeshika daftari. Kila mita ina kitambaa chekundu, na mwisho kuna kipande cha chuma. Chuma kikigusa maji Baba anainamisha sikio, halafu anahesabu vitambaa kwa midomo bila sauti. Yeye ndiye mtunza kisima, ndiye anayewasha pampu. Ana aibu kama mimi. Mtu akimsalimia ghafla anatazama viatu vyake. Ila kwenye mkutano wa kijiji anasimama, anataja namba ya maji, anakaa. Watu wanapiga makofi. Dakika ile nampenda mno.

Tulipomaliza akaifunga kamba kati ya miti miwili ya mgrevilea nyuma ya nyumba, akaikaza kwa kijiti mpaka ukiigusa inalia. Ikauke bila kujikunja. Hufanya hivyo kila Jumamosi.

Mkutano ni Jumamosi ijayo. Wakulima wa vitunguu wanataka pampu ya pili kisimani, ya kumwagilia, kwa sababu mto umebaki mchirizi. Wanasema kisima chetu hakishuki. Namba si ndiyo hiyo?

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Kisha nguo. Mama kamwagilia mchicha maji ya suuza ya mwisho, kama kawaida. Safari, jirani yetu wa vitunguu, alikuwa anapita. Mama akamwambia aache kulilia kisima, akachukue maji ya loji ya watalii iliyo juu, njia ya Ngorongoro. Maji yao yakishatumika wanayapitisha kwenye mabwawa ya matete yanasafika, na wamesema anayetaka aje avute bomba.

"Nimwagilie shamba maji aliyoogea Mzungu?"

"Mzungu kaoga na sabuni, shemeji. Wewe je?"

Nilicheka mpaka nikaficha uso kwenye kanga.

Kuna kitu sijamwambia mtu. Mwezi wa sita Baba aliumwa homa, akanituma nikapime mwenyewe. Nikakuta vijana wanachota maji. Wakanitazama. Nikaona aibu kuinama pale na kamba. Nikarudi nyumbani nikaandika thelathini na moja na nusu.

Jumatatu, 11 Agosti

Fizikia. Kawaida mwalimu anafundisha kwa Kiingereza, mimi naigeuza Kiswahili kichwani, nikimaliza kengele imelia. Leo sikugeuza kitu. Alifunga jiwe kwenye kamba ya nailoni, tukapima urefu. Akaliacha linaning'inia mpaka saa ya kwenda nyumbani, akalitoa. Tukapima tena. Kamba haikurudi ilivyokuwa. Ilikuwa imeongezeka, upana wa ukucha tu.

Wenzangu waliandika jibu. Mimi nilikuwa naiona ile migrevilea miwili.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeazima futi ndefu ya mwalimu wa michezo, ile ya kupimia walioruka. Nimemwambia ni ya hesabu. Uongo mdogo.

Baba alikuwa kwenye pampu. Nikalaza futi kando ya kamba. Kitambaa cha kumi, futi inasema mita kumi na moja. Kitambaa cha thelathini, futi inasema thelathini na tatu. Nimepima mara tatu.

Kwa hiyo maji yamekuwa yakishuka, na kamba ikirefuka nayo, na sisi tunaandika namba ileile. Miaka. Kwa sababu Baba anaitunza kamba kuliko mtu yeyote.

Wakifunga pampu ya pili kisima kitakauka. Nikisema, Baba ataaibika mbele ya kijiji kizima.

Jumatano, 13 Agosti

Sijasema. Mama kauliza mbona sili. Nimesema jino.

Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 14 Agosti

Baba kapiga pasi shati la mkutano, siku mbili kabla. Safari kapita tena, kichwa tu dirishani.

"Namba yetu haijambo?"

"Haijambo," Baba akasema.

"Basi Jumamosi tunafunga pampu, mzee!"

Nilishindwa kuvumilia. Nikamshika Baba mkono, nikampeleka nyuma ya nyumba, nikalaza futi kando ya kamba. Alipiga magoti. Akafuata vitambaa kimoja kimoja kwa kidole. Alipofika cha thelathini akarudi mwanzo, akafuata tena. Halafu akalegeza kijiti, taratibu, kamba ikaanguka kwenye majani.

Akaniuliza kwa Kiiraqw, anachozungumza akiumia, kama nina hakika. Nikaitikia kwa kichwa.

Nilitamani anigombeze. Hakunigombeza.

Ijumaa, 15 Agosti

Tumefunga chuma kwenye futi ya shule, tumepima kisima upya. Thelathini na nne na nusu, na kidogo. Baba kaandika mwenyewe, mwandiko umepinda.

Mama kasema asiende mkutanoni, aseme anaumwa. Papo hapo akasema hapana, nenda, la sivyo mwakani tutakunywa nini. Halafu akalia. Halafu akalifua lile shati lililokwisha kupigwa pasi. Sijui kwa nini. Nikalipiga pasi upya mimi.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumerudi kutoka mkutanoni.

Mwenyekiti kamwita Baba. Baba kasimama, kataja namba mpya. Makofi yalianza, yakafia katikati. Akaeleza kuhusu kamba. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Alimaliza na, "Kosa ni langu. Nilikuwa naikaza."

Safari akaruka juu. "Wewe bwana! Mimi nimeshaotesha miche!" Na mtu wa nyuma, simjui, akapaza sauti kwamba mtunza kisima amekuwa akijaza daftari akiwa kitandani, namba gani isiyobadilika miaka yote. Watu wakacheka. Baba akatazama viatu vyake.

Nikasimama. Nikasema namba ya uongo ni moja tu, na niliiandika mimi, Baba alipokuwa na homa. Nyingine zote alipima, hata siku za mvua.

"Rudia, binti," mwenyekiti akasema. "Hatujasikia."

Ikabidi nirudie. Mara ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu kila mtu ameshageuka.

Hakuna aliyecheka. Safari akamgeukia Baba, akamuuliza bila ukali sasa, "Haya, wewe ungefanyaje?" Baba akasema, taratibu, akihesabu kwa vidole. Kisima kiwe cha kunywa, watu na mifugo. Mto uende kwa zamu, mashamba ya juu siku tatu, ya chini siku tatu, Jumapili uachwe upite kwa vijiji vya chini. Maji ya loji yaanze kumwagilia majani ya ng'ombe, mpaka mtaalamu wa maji ayapime.

"Na vitunguu vya Safari vinukie marashi," Mama akadakia. Hata Safari alicheka, ila alichelewa.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Pampu ya pili imekataliwa. Baba anaendelea na kisima.

Njiani alinipa daftari nibebe.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya misa Baba kafungua daftari kwenye ukurasa wa mwezi wa sita. Kapiga mstari juu ya namba yangu, kaandika pembeni: haikupimwa. Akanipa kalamu nitie sahihi. Nikatia. Basi. Akaniuliza kama bado naumwa jino.

Jumamosi, 23 Agosti

Kamati ya maji imenunua futi Karatu mjini. Thelathini na nne na nusu, na kidogo. Nimesikiliza mimi, Baba kaandika.

Saa nne Safari kaja na kamba ya kisima chake kidogo cha shambani, kaivingirisha begani. Kasema hebu mwone na hii. Hajakaa, akaja mama mmoja wa upande wa juu na yake kwenye ndoo. Baadaye kijana wa bodaboda kutoka Endabash, kamba kwenye kiroba, anauliza ni hapa kwa mtu wa kupima kamba? Baba kasema ni hapa, karibu.

Kamba tatu kwenye majani. Baba kapiga magoti, mimi na daftari. Ya yule mama ni nzima. Ya Endabash imezidi kidogo. Ya Safari imerefuka kuliko yetu.

Baba hakuitaja mbele ya wale wengine. Alingoja waondoke. Akamwambia Safari akae, Mama akaleta chai, wakanywa kwanza. Halafu akamwonyesha polepole, kitambaa kwa kitambaa.